Maboksi ya picha za zamani stoo: maelezo niandikeje, na zipi zisiende mtandaoni?

kijana_wa_kirumba

Mwangaluka wadau, wakubwa shikamooni. Naomba mwongozo kwa yeyote aliyewahi kushika kazi za kumbukumbu au makumbusho, mimi nimesomea kompyuta, hii kazi imenidondokea tu kwa sababu ofisini ndio najua kutumia skana.

Iko hivi. Kuna taasisi hapa Mwanza, sitaitaja, ina stoo nyuma ya ofisi imejaa maboksi ya picha. Kuna za karatasi, kuna negativu kwenye mikebe na bahasha za kaki, kuna slaidi, kuna albamu zile za kubandika na plastiki juu, kuna na vioo kabisa yaani picha iko juu ya kioo. Nyingi naona ni za kuanzia miaka ya 50 mpaka 90 hivi ila boksi moja ni la enzi za Mjerumani maana mji umeandikwa Muansa. Bosi anataka zote zipigwe skani, ziandikiwe maelezo, ziende kwenye ukurasa wetu wa Facebook watu waone historia ya kanda ya ziwa. Wazo zuri silipingi. Shida imeanza nilipogeuza picha kusoma yaliyoandikwa nyuma.

Moja ina wanaume wengi wamesimama mbele ya ghala la pamba, katikati mzungu kakalishwa kwenye kiti. Nyuma kuna jina la mzungu, cheo chake, halafu basi, "na wenyeji". Nyingine bibi mzee kakaa nje ya nyumba ya nyasi na vibuyu mbele yake, imeandikwa "mchawi, Usukuma". Kuna watoto kliniki hawana nguo, wengine wana vidonda, majina yao na vijiji vimeandikwa vizuri kabisa kwa wino. Kuna mtoto mwenye ualbino na jina la baba yake. Na kuna bahasha ya mwaka 1996 sijaimaliza kuiangalia, ni ajali ya meli ya MV Bukoba, waliofariki wamelazwa wamepangwa chini... nikaifunga nikairudisha.

Sasa haya maneno ya nyuma niyaandike yalivyo au nirekebishe? Mtu nisiyemjua nimwandikeje? Zipi zisirushwe na nani anaamua? Na jingine, mkebe mmoja wa negativu ukiufungua unanuka siki kama ya kachumbari, hiyo ni kawaida? Stoo ni ya bati, mchana joto lake si mchezo.

chapati_mbili

Piga skani zote tupia mtandaoni wenyewe watajitambua kwenye komenti kazi imeisha. Maelezo mpe akili mnemba ikuandikie, sekunde mbili tu 😂 picha inajieleza yenyewe bwana

Ntuzu_original

Inajieleza kwa nani? Picha ya bibi na vibuyu bila maelezo wewe chapati si ndio utakuwa wa kwanza kuandika mchawi kwenye komenti

kijana_wa_kirumba

@chapati_mbili hiyo akili mnemba nimeijaribu mkuu. Nimeipa picha ya ngoma, watu wana majembe mkononi, ikanijibu "wapiganaji wa Kimasai wakicheza". Bugobogobo hiyo, ngoma ya majembe ya Wasukuma! Hata mtoto wa Magu anaijua.

Mama Rejista

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi masjala miaka mingi na mwishoni kumbukumbu, sasa nimestaafu nalima Kisesa, ngoja nikujibu taratibu na mnivumilie maana kidole kimoja ndio kinachoandika.

Kabla ya skani, kabla ya chochote, usichanganye. Naona kila kijana akipewa maboksi anaanza kupanga, harusi huku, ngoma huku, viongozi kule. Usifanye hivyo. Bahasha moja ikiwa na picha ishirini zilizopigwa siku moja na mtu mmoja, ile moja yenye maelezo ndiyo inayokwambia habari za zile kumi na tisa zisizo na neno. Ukishazitawanya hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo boksi kabla hujaligusa lipige picha kwa simu lilivyo, kifuniko na maandishi yake, kila bahasha vilevile, lipe boksi namba, bahasha namba, picha namba. Jina la faili liwe hiyo namba tu, B03-02-017 inatosha, usiweke hadithi kwenye jina la faili.

Sasa maelezo. Kuna kinachoonekana kwenye picha, kuna kilichoandikwa na mtu wa zamani, na kuna unachoambiwa leo na wazee. Hivyo vitatu kila kimoja kiwe na sehemu yake kwenye rejista na kila kimoja kiseme kimetoka kwa nani. Tatizo la kumbukumbu nyingi nilizozikuta ni kwamba vimekorogwa pamoja, mtu kaandika anachodhani kama vile amekiona, na anayekuja baada ya miaka thelathini hawezi kujua kipi ni kipi.

Huyo bibi kwa mfano. Kichwa cha maelezo unaandika unachokiona: "Mwanamke mzee ameketi nje ya nyumba ya nyasi, mbele yake kuna vibuyu". Umemaliza. Halafu kwenye sehemu ya maandishi ya asili unanukuu neno kwa neno ndani ya alama za kunukuu, unasema yako nyuma ya picha, kwa wino wa rangi gani, kwa lugha gani, na kwamba aliyeandika hajulikani. Neno haulifuti, kwa sababu nalo ni ushahidi, linatuonyesha aliyeshika kamera au aliyeshika kalamu alikuwa anawatazamaje watu wetu. Lakini halipandi juu likawa jina la picha. Na hiyo kwenye Facebook haiendi. Kanda hii wote tunajua bibi wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa jikoni. Huyo ana wajukuu na kijiji chake kipo.

Wala usidhani hili la maneno ya zamani ni tatizo la stoo yako tu. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, Desemba 2008 waliziweka picha zaidi ya 80,000 Wikimedia Commons, ile hazina ya picha za bure mtandaoni, zikiwemo za huku kwetu enzi zao, na maelezo mengi waliyaacha ya asili. Ila wameweka tahadhari kwamba hayo ya asili yanaweza kuwa na makosa, upendeleo, yamepitwa na wakati au ya siasa kali. Wao wenye picha zao wameona waseme hivyo, sasa wewe na Facebook ya ofisi?

Hiyo ya ghala la pamba usiiache na "wenyeji". Hesabu watu, andika "wanaume kumi na wangapi wamesimama, majina hayajajulikana, mmoja ameketi, kwa maandishi ya nyuma ni fulani". Ukisema majina hayajajulikana umeacha mlango wazi, mtu akija na jina unalipokea. Kisha chapa nakala kubwa uipeleke kwa wazee wa ushirika, wapo bado wachache waliokuwa vijana enzi za Victoria Federation, lile shirikisho la vyama vya ushirika wa pamba. Tahadhari moja, picha yoyote ya pamba ukiwaonyesha watu lazima atokee mmoja aseme huyu hapa ni Paul Bomani 😄 Shirikisho lile lilianza 1955 na Bomani ndiye alikuwa mbele kweli, lakini hakuwa kwenye kila ghala la Usukuma. Andika "kwa maelezo ya mzee fulani, tarehe fulani", usiandike "ni".

Nitaendelea kesho, mvua inakuja na nina mahindi nje.

fundi_dakirumu

Hapo kwenye siki usilale mkuu. Mimi nimeosha picha studio za hapa mjini tangu enzi za nyeusi na nyeupe mpaka dijitali ilipotuua, hiyo harufu ni filamu yenyewe inaoza. Zile filamu za asetati zikikaa joto na unyevu zinatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inazidi kuzioza, halafu ule mvuke unaambukiza jirani zake. Ukiona zimeanza kujikunja na kusinyaa ujue safari imeanza. Utoe mkebe huo leo uweke chumba kingine peke yake, usiufunge kwa plastiki ukafunga kabisa hewa isipite, toa zilizomo uweke kwenye bahasha za karatasi, na hizo ndizo unaziskani kwanza kabla ya kitu chochote. Ukishaskani bado usitupe.

Angalia na pembeni ya filamu, kwenye ukingo. Ukikuta pameandikwa SAFETY una nafuu. Ukikuta NITRATE, au ni filamu ya zamani haina maandishi, inanata na imekuwa ya kahawia, hiyo ni moto. Siyo msemo, inawaka kweli na ikishawaka maji hayaizimi kirahisi. Kodak waliacha kutengeneza filamu ya naitreti 1951, kwa hiyo boksi lako la miaka ya 50 na yale ya nyuma yake yachunguze vizuri, usiyaache chini ya bati, na ukizikuta waite wataalamu usijifanye shujaa.

Mengine haraka haraka maana nipo kazini:

vioo visilazwe kimoja juu ya kingine, vinapasuka, vinasimamishwa kwa upande mrefu kama vitabu kwenye rafu na katikati kila kimoja kwenye karatasi yake

albamu za kubandika USIVUTE picha. Piga picha ukurasa mzima kwanza, ikiwa lazima itoke pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake polepole, ikikataa iache ilivyo

pini za ofisi, stepla, rababendi, klipu zote toa, hapa kwetu karibu na ziwa vinashika kutu unaona kabisa alama ya klipu imehamia usoni kwa mtu

rangi za miaka ya 70 na 80 zinakuwa nyekundu nyekundu hata zikiwa gizani, zile nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri zitakuzika wewe. Kwa hiyo baada ya siki, skani za rangi

na tafadhali tafadhali msipeleke LAMINESHENI. Najua hapa Mwanza mtu akipenda picha ya marehemu baba anaipeleka stesheneri inapigwa lami. Ule ni moto na gundi, ikishaingia haitoki tena milele

chapati_mbili

Mbona mimi ya babu nimelamineti na inang'aa

fundi_dakirumu

Inang'aa mkuu, tuonane baada ya miaka kumi

Mkerewe_halisi

Mimi nataka kusemea ile bahasha ya 1996. Tarehe 21 Mei. Sisi wa visiwani na wa Bukoba hiyo siku hatuhitaji kukumbushwa kwa picha ya mwili wa mtu, na juzi juzi tu tarehe 20 Septemba 2018 tukarudia tena Ukara, kivuko cha MV Nyerere kikazama. Nilichokiona 2018 ni simu, watu wanapiga miili inatolewa majini na dakika hiyo hiyo iko kwenye magrupu, kuna familia zimejua ndugu yao amekufa kwa kumwona WhatsApp kabla hata hawajaitwa kutambua. Kwa hiyo ukiniuliza mimi hiyo bahasha isirushwe, isionyeshwe hata kwa mgeni wa ofisi anayependa historia.

Ila pia usiichome. Makaburi ya Igoma yana watu ambao hawakutambuliwa. Inawezekana ndani ya bahasha hiyo kuna nguo, kuna pete, kuna kitu ambacho siku moja familia itakitambua. Andika maelezo kwamba ipo, ina picha ngapi, inahusu nini, na kwamba ina miili ya waliofariki, ili anayeifungua aifungue anajua. Tusifanyiane ya kuvuta droo unashtukia.

Mama Rejista

@Mkerewe_halisi poleni sana baba. Na umesema kitu ambacho wengi hawakielewi, kufunga si kuficha. Unafunga kuonyesha, lakini kuwepo kwake unakuandika waziwazi. Na maneno ya maelezo yawe ya kawaida tu, "waliofariki", "walionusurika wakiwa ufukweni". Nimewahi kusoma maelezo ya picha za ajali yameandikwa kama gazeti la udaku.

mchambuzi_nyegezi

Naomba nitofautiane kidogo na mama hapo juu, kwa heshima zote. Naona tunaelekea kwenye kusafisha. Ukiondoa "mchawi" ukaandika "mwanamke mzee na vibuyu", ukiondoa "wenyeji" ukaandika "majina hayajajulikana", msomaji wa leo anaona picha nzuri ya kijijini na bwana mmoja kwenye kiti, ukoloni uko wapi? Mzungu aliyeandika vile alimaanisha vile. Mimi naona wekeni yale yale ya asili mtandaoni watu waone aibu yenyewe. Na hawa watoto wa kliniki, dunia nzima imeshaona picha zetu za namna hiyo kwenye mabango ya kuomba misaada, leo ndio tuwe na haya?

Ntuzu_original

Sasa aibu ya mzungu unaionyesha kwa kumvua nguo mtoto wa Kisukuma mara ya pili, hesabu gani hiyo

Mama Rejista

@mchambuzi_nyegezi hoja yako ya kwanza naikubali nusu. Ndiyo maana nimesema neno halifutwi. Mtafiti akija ofisini analikuta, tena analikuta na habari zake, nani kaandika, wapi, lini. Hata mtandaoni unaweza kuliweka kama picha haimtaji mtu wala haimhatarishi mtu. Hiyo ya ghala la pamba mimi ningeiweka na maandishi ya nyuma yakiwa yamenukuliwa, kwamba kati ya watu wote hao aliyeandika aliona jina moja tu la kuandika. Hapo ukoloni unauona bila kuambiwa. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu wewe unafikiria picha moja darasani na mimi nafikiria anayekutana nayo kwenye simu imekatwa, maelezo yamebaki nyuma, limebaki sura na neno mchawi.

Kuhusu watoto hapana. Mtoto wa kliniki wa mwaka 1975 leo ni mtu wa miaka hamsini na kitu, yupo Magu au Sengerema anauza duka. Hakuulizwa wakati ule, na mama yake alipanga foleni apate dawa, hakupanga foleni ya kupigwa picha. Majina na magonjwa yaende kwenye rejista ya ndani inayofungwa, ya nje iandike "watoto wakihudumiwa kliniki" na picha ionekane kwa maombi maalumu. Na huyo mtoto mwenye ualbino usimtaje jina, kijiji, wala baba, popote panapoonekana na umma. Kuanzia 2007 hivi kanda hii imeua na kukata viungo watu wenye ualbino, watu walitafutwa nyumba kwa nyumba. Sisi tusiwe tunatunza ramani.

dada_wa_malimbe

Kuongezea hapo, siku hizi siyo suala la huruma tu ni sheria. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya na za watoto ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwambie bosi wako hivyo kaka, mabosi wakisikia sheria wanatulia.

Halafu kuna hakimiliki. Kuwa na karatasi ya picha stoo haina maana haki ya picha ni yenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na haki ya mtunzi inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwanza ilikuwa na studio nyingi, za Wahindi na za Waafrika, angalia nyuma ya picha au kwenye bahasha kuna muhuri wa studio. Huo muhuri uandike kwenye maelezo kama ulivyo, kwanza ni heshima kwa mpiga picha, pili ndio njia ya kumpata mwenye haki au watoto wake. Naona kila siku kurasa za "Mwanza ya zamani" wanakata ule muhuri ili waweke nembo yao, inaudhi.

Na kwa la Mjerumani, tafuta kwa tahajia yao hiyo hiyo, Muansa. Chuo kikuu cha Frankfurt maktaba yao ina hazina ya picha za jumuiya ya kikoloni ya Kijerumani na ipo mtandaoni, unaweza kukuta picha pacha ya hiyo yako ina mwaka na jina la mpiga picha.

kijana_wa_kirumba

Wabeja sana, sikutegemea. Bosi nimemwonyesha uzi huu, la sheria ndio limemkaa kichwani 😅 amekubali tuanze na za majengo, bandari na mitaa, za watu baadaye. Mkebe wa siki umeshatoka.

Nimejaribu kuandika mbili, naomba mnisahihishe:

1. "Wasukuma wakiwa wamevaa mavazi ya asili wakicheza ngoma ya nyoka, Bujora, miaka ya 60. Nyuma: maandishi ya Kiswahili kwa penseli, 'ngoma ya washenzi'."

2. "Bandari ya Mwanza Kusini, meli na mizigo. Kuna bendera ya CCM. Kati ya 1977 na 1985."

Kwenye ya kwanza mzee mmoja kaniambia hao ni Bagika, mwingine kasema hapana ni Bagalu, yaani vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, karibu wapigane.

Mama Rejista

Umejitahidi. Ya pili ni nzuri, CCM ilizaliwa 5 Februari 1977 kwa hiyo mwanzo wako una sababu, lakini 1985 umeitoa wapi? Kama ni gari, kama ni meli, kama ni nguo, andika sababu. Kama huna andika "baada ya Februari 1977" uishie hapo. Hivyo hivyo ukikuta TANU, ukikuta bendera ya Tanganyika kabla ya Aprili 1964, ukikuta imeandikwa Mkoa wa Ziwa Magharibi ujue ni kabla haujaitwa Kagera 1979. Jina la zamani la mahali liache, la leo liweke pembeni, anayetafuta Geita hajui kuwa picha yake imeandikwa Mwanza kwa sababu Geita mkoa umekuja 2012.

Ya kwanza ina kazi. "Wasukuma" umejuaje? Kama ni maandishi au mzee kasema, sema hivyo. Kwa sura huwezi, hapa pana Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Waluo, na wote wamecheza ngoma kwenye viwanja vya wenzao. "Mavazi ya asili" hayaonyeshi kitu, andika unachokiona, ngozi, shanga, kengele miguuni, manyoya kichwani, kama ni nyoka kashikwa na nani. "Bujora" kama umeitambua kwa jengo, sema ni kwa jengo. Makumbusho ya pale yana wazee na wacheza ngoma wenyewe, yaliasisiwa na padre David Clement, Mkanada, na wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo mwezi wa sita unawapata wote uwanja mmoja.

Hao wazee wawili waandike wote. "Kwa maelezo ya mzee A ni Bagika, kwa maelezo ya mzee B ni Bagalu." Ushindani wa Bagika na Bagalu uko tangu mababu, wewe na kompyuta yako hutaumaliza, na ubishi wao ni habari ya maana kuliko jibu moja ambalo ungelichagua kwa sababu mzee mmoja ana sauti kubwa. Ila waulize wanajuaje. Mmoja atakwambia hivi, mwingine vile, hapo ndipo utajifunza.

Ntuzu_original

Ni Bagalu hao

Mama Rejista

Picha yenyewe hujaiona 😂

fundi_dakirumu

Nimerudi. Skani za karatasi 600 dpi (nukta kwa inchi) uhifadhi TIFF, lile faili kubwa lisilopunguza ubora, za negativu ndogo panda mpaka 3000 na kitu, ya Facebook toa nakala ndogo ya JPEG. Ile kubwa usiiguse, usiisafishe mikwaruzo, usiipake rangi na hizo programu za akili mnemba, mtu akipenda kupaka apake nakala na aseme amepaka. Diski mbili, majengo mawili tofauti.

Kuandika nyuma ya picha, penseli laini tu, pembeni, picha umelaza juu ya meza ngumu na usikandamize. Biro kamwe. Zile za rangi mgongo wake ni plastiki penseli haishiki, hizo namba inakaa kwenye bahasha. Na hamisha hayo maboksi toka chini ya bati, chumba cha katikati chenye dari, rafu iwe juu ya sakafu kama sentimita 15. Unyevu ukipita asilimia 65 ukungu unaota, ukiweza ubaki chini ya 50, kipima unyevu kidogo cha ukutani kinatosha. Usiku zima taa funga dirisha, wale wadudu wa ziwani wakija na taa asubuhi unafagia ndoo, na wanaowafuata ni mijusi na mijusi inanya juu ya picha. Naftalini usiweke, ni sumu kwa wewe unayeshinda humo.

kijana_wa_kirumba

Bahasha nzuri nazipata wapi? Za kaki zilizopo naona zimegeuza picha njano.

dada_wa_malimbe

Zile zisizo na asidi kwa madukani hapa mjini sijaziona, huwa zinaagizwa. Nenda kituo cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa cha kanda ya ziwa kipo hapa hapa Mwanza, waulize wao wanaagizaje, na ukiwa huko waulize kama taasisi yenu inaweza kukabidhi zile nyeti wakae nazo. Kwa sasa epuka plastiki laini inayonuka, ile ya PVC, ni afadhali karatasi nyeupe safi kuliko hiyo.

Mkerewe_halisi

Kijana kwenye hizo za bandari kama kuna za Nansio niambie. Baba yangu mdogo alikuwa kuli pale kabla ya Uhuru na bado kichwa kinafanya kazi vizuri, ana wenzake wawili. Njoo na nakala zilizochapwa kubwa, za simu hawaoni, na uje na kitu cha kurekodi sauti maana akianza majina ya watu hasimami ukimwambia subiri niandike. Boti ya mchana ndio nzuri, ya asubuhi ukifika wako kanisani.

kijana_wa_kirumba

Nansio zipo bahasha nzima. Naomba namba ya baba mdogo inboksi, na nimuulize kwanza kama yuko tayari jina lake liandikwe kwenye maelezo au niandike tu "mzee wa Nansio".

Mkerewe_halisi

Ataka liandikwe, tena na la ukoo. Nakutumia.